Kibao cha Wifi Bure

Kinyozi wa jirani alipotundika kibao chake kipya, nilidhani ninasemwa mimi.

Kilikuwa kipande cha ubao mwembamba kilichopakwa rangi nyeupe, na juu yake herufi kubwa nyekundu: WIFI BURE HAPA. Alikipigilia kwenye nguzo iliyosimama katikati ya milango miwili, mlango wake wa kunyoa na mlango wa wifi yangu wa kushona. Mshale aliuchora, lakini aliuchora kwa haraka, ukawa hauelekei kwake wala kwa wifi. Ulielekea chini, penye kizingiti, pale pale nilipokuwa nimesimama na mtoto mgongoni.

Nikasoma mara ya kwanza. Nikasoma mara ya pili. Darasa la saba nilimaliza, kusoma najua. Wifi bure. Yaani mtu bure kabisa, wifi wa kujaza nafasi. Na sababu niliijua. Siku mbili kabla ya hapo nilijitia kumsaidia wifi kupiga pasi, nikaunguza mgongo wa blauzi ya mteja, alama ikabaki pale kama jani kubwa lililokauka. Wifi hakusema neno. Aliikunja ile blauzi, akaisukuma chini ya meza, akaendelea kukanyaga cherehani. Sasa nikajiambia, kumbe neno alikuwa nalo, ila ameona alitoe kwa rangi nyekundu ili na wapita njia wafaidi.

Siku mbili nikawa namletea mtoto asubuhi, namkabidhi, nasema "Haya," naondoka. Salamu nilikuwa nikiimeza. Siku ya tatu akanishika mkono.

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Si umeandika."

"Nimeandika nini?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akatoka nje, akasimama mbele ya nguzo, akasoma kwa sauti kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka pini alizokuwa amezibana midomoni zikamdondoka moja moja. Kinyozi akatoka na mashine inanguruma mkononi, nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa, wote wanataka kujua kuna nini. Ndipo nikaelezwa kwamba neno lile husomwa waifai, ni mtandao unaopita hewani ukaingia kwenye simu, na hilo "bure" maana yake hulipii.

"Shemeji," kinyozi akaniambia, "kwangu nyumbani mna mawifi wa kweli, mke wangu na dada yangu, wanaitana hivyo kutwa. Lakini wote si wa bure, wote ni ghali."

Tangu siku hiyo tukaitana Wifi Bure, yeye kwangu na mimi kwake. Akinituma uzi alisema, "Wifi Bure, niletee ule mweusi." Nikimchukua mtoto nilisema, "Haya Wifi Bure, tutaonana kesho." Utani ulikuwa mtamu kwa sababu hapakuwa na ukweli ndani yake.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Ni mwanamke mrefu, mabega yamemwinamia mbele kidogo kama mtu anayesikiliza siri. Ndivyo cherehani inavyomfanya fundi. Yeye anapinda nguo, nayo inampinda yeye. Aliacha shule ana miaka kumi na minne ili ashone, wadogo zake wasome. Kaptula ya kwanza ya shule ya mume wangu aliishona yeye, na ya mwisho aliishona yeye, na kila moja aliiachia pindo nene chini ili ikue pamoja na mvaaji. Futi ya kupimia huning'inia shingoni mwake kama pambo tu. Ukiingia mlangoni anakutazama mara moja, anakwambia umenenepa, na anakwambia umenenepea wapi.

Gauni langu la harusi alishona yeye. Mapazia yetu yeye, shuka za mtoto yeye, mpaka mfuniko wa televisheni. Kwetu tulivaa kazi ya mikono yake kama tunavyovuta hewa, na nani anakumbuka kuishukuru hewa?

Mumewe alifariki kabla sijaingia katika ukoo huo. Akabaki na binti mmoja, wakiishi wawili kama chanda na pete, mpaka binti alipopata nafasi ya kusomea uuguzi mji mwingine. Wiki ya kwanza baada ya binti kuondoka, wifi alikuwa bado anapika chakula cha watu wawili. Ziada akituletea sisi kwenye bakuli lenye mfuniko wa bluu. Hakusema ni kwa sababu gani, na sisi hatukuuliza. Tulikula, tukarudisha bakuli.

Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana. Kazi yangu ni kuitia mikate kwenye mifuko na kubana midomo ya mifuko. Nilipomaliza likizo ya uzazi, mtoto nilimpeleka kwa shangazi yake, na wote wawili walifurahi kuliko mimi. Alikuwa msichana mnene asiye na nywele, na alipoanza kutambaa tukampa jina la Mkaguzi, kwa kuwa hakuna kilichoanguka sakafuni ambacho hakukikagua kwa mdomo. Uzi, chaki, kipande cha zipu, vyote vilipita ofisini kwake. Wifi alikuwa akifagia mara tano kwa siku. Makopo ya vifungo aliyapandisha rafu ya juu, pini alizibana midomoni au kwenye kimto alichojifunga mkononi. Miguu inakanyaga, mikono inashona, na sikio moja liko kwa mtoto. Mkaguzi akinyamaza kidogo tu, cherehani nayo inanyamaza. Neno la kwanza la mwanangu halikuwa mama. Lilikuwa "Angazi". Iliniuma kidogo, lakini nilivumilia.

Simu iliingia kwa mlango wa mapenzi. Binti ndiye aliyeituma, simu ya kioo, ili waonane nyuso. Mtandao ukawa kikwazo kidogo, kwa sababu kinyozi alikuwa na sheria yake: neno la siri hapewi mtu mpaka anyolewe, na neno lenyewe lilikuwa nyoakwanza, limeandikwa pamoja bila nafasi. Wifi hakuwa na haja ya kunyolewa. Wakapatana ampindie zile shuka anazowafunga wateja shingoni, naye akanong'onezewa. Basi kila saa sita mchana uso wa binti ulikuwa ukitokea kwenye kioo, Mkaguzi anaulamba, wote wanacheka.

Halafu binti akaingia kwenye mitihani na zamu za wodini. Kupiga kila siku kukawa kila wiki. Binti alipungua, simu haikupungua.

Siku moja wifi alimshonea Mkaguzi gauni la njano kwa vipande vilivyobaki, lenye mifuko miwili ya umbo la jani. Akampiga picha, akaiweka kwenye kundi moja la washonaji. Nilipofika saa nane alikuwa mlangoni ananisubiri. Mioyo mia tatu, akaniambia. Kuna mtu asiyemjua, wa mbali huko, ameandika: Dada, mikono yako ni ya dhahabu. Akanisomea. Akanisomea tena. Nami nilikuwa nimembeba mtoto aliyevaa gauni lenyewe, nikasema "Eh!" kisha nikamuuliza kama mtoto amekula.

Nalikumbuka sana hilo "Eh" langu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wifi alianza kwa kutazama simu baada ya kila nguo. Ikawa baada ya kila mshono. Mwishoni aliisimamisha juu ya cherehani yenyewe, akaiegemeza kwenye kigogo cha uzi, ikawa miguu inakanyaga huku macho yako kwingine. Watu wa kundi wakawa wanamuuliza maswali, naye anawajibu wote, mmoja mmoja, kwa majina, dada huyu na mama yule. Pini hazikai tena midomoni, maana midomo ina kazi ya kuzungumza. Ukimwambia jambo anajibu "Mm," na ukimuuliza umesema nini anakwambia alikuwa anaangalia saa. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake.

Mimi niliona, nikanyamaza. Kwanza ni mkubwa kwangu. Pili ananilelea mtoto, na mdomo wa anayebebewa mzigo huwa mzito. Tatu, nasema kweli, nilimwona amechangamka, nikadhani ni heri.

Kisha ukaja mkasa wa mwalimu. Mwalimu huyu alikuwa mteja wake wa miaka mingi, mama mpole anayependa blauzi za mikono mirefu. Alikuja kujaribu nguo yake mpya nami nipo. Mkono wa kwanza ukaingia vizuri. Wa pili ukamsokota bega, ukamnyanyua kiwiko, akasimama pale kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Kila fundi anajua: ukikata mikono ya nguo unakunja kitambaa uso kwa uso, unakata mara moja, unapata wa kulia na wa kushoto. Ukikata mmoja mmoja, na akili haipo, unapata mapacha.

"Fundi," mwalimu akasema taratibu, "humu ndani nina mikono miwili ya kushoto."

Wifi akamwambia ndio mtindo wa siku hizi. Mwalimu akamjibu kwamba mtindo huo aupeleke huko huko kwenye simu, yeye ana bega la kulia tangu azaliwe. Tulicheka wote watatu, lakini mwalimu aliondoka na kitambaa chake kilichobaki mkononi. Sikumwona tena pale kwa muda mrefu.

Mume wangu ni fundi umeme. Wiki ile ile umeme ulirudi kwa kishindo, ukaunguza kile kijisanduku cha mtandao cha kinyozi, naye akaitwa kukitazama. Alirudi nyumbani akicheka. Akanisimulia jinsi dada yake alivyokuwa anazunguka jengo, simu ameinyanyua juu, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara tatu alimfuata kumuuliza bado dakika ngapi. Cherehani imesimama, kitambaa kiko chini ya sindano, nusu mshono. Mume wangu alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Hakuuliza habari zako," akasema. "Wala za nyumbani. Si kawaida ya dada."

"Na mtoto?"

"Mtoto alikuwa chini ya meza, anakagua."

Nilipaswa kusema kitu siku hiyo. Badala yake nilikwenda kununua kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, nikalipeleka kwa wifi kama zawadi, ili atilie vifungo. Akanishukuru, akapiga picha ya kopo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mikate iliwahi kuiva, tukatoka mapema, nikafika pale saa saba na nusu na mkate wa moto kidogo kifuani. Kutoka nje nikasikia sauti ya wifi, nzuri, yenye tabasamu, nikafikiri ana mgeni. Nikaingia. Alikuwa amenipa mgongo. Simu ilikuwa imeegemezwa dirishani, naye anaongea nayo laivu, anawafundisha watu jinsi ya kufuma tundu la kifungo lisifumuke. Nyuma yake, kopo lenye mfuniko wa kuzungusha lilikuwa wazi sakafuni, limelala ubavu, vifungo vimetawanyika kama punje. Na katikati ya vifungo alikaa Mkaguzi, kimya, macho yamemtoka, mashavu mekundu.

Mama huwa hafikirii. Mkate ulianguka. Nilimwinamisha mtoto mkononi mwangu, nikampiga mgongoni mara mbili kwa kiganja, kikatoka kwa kishindo kidogo, tap, juu ya sakafu. Kifungo cha koti, cha kahawia, kipana kama ukucha wa kidole gumba. Mkaguzi akavuta pumzi, halafu akalia, na sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Wifi alikuwa amegeuka. Mikono yake ilikuwa imeganda hewani, mmoja umeshika sindano, mwingine kitambaa. Nyuma yake kwenye kioo mioyo ilikuwa bado inapanda, midogo myekundu, mingi, kama povu.

Nikamwambia, wala sikupandisha sauti, "Kile kibao, wifi, siku ile nilikisoma vibaya. Leo nimekisoma vizuri."

Nikambeba mwanangu nikatoka. Nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba simu ilikuwa laivu. Watu mia kadhaa walikuwa wamenisikia.

Mtoto tukampeleka kwa mpangaji mwenzetu, mama mwenye watoto wanne na moyo mzuri. Hakupata tatizo lolote huko, labda lile tu la kukaa mlangoni kila asubuhi anatazama njia na kusema "Angazi," kama mtu anayetaja jina la kituo alichopitilizwa. Mume wangu hakunilaumu, na hakumtetea dada yake. Alikwenda kumwona mara moja, akarudi amebeba bakuli la mfuniko wa bluu, tupu. Tulikuwa tumesahau kulirudisha, yeye alilipeleka, na wifi akamrudishia, akisema kaa nalo, mimi sina wa kumpikia ziada.

Ziliisha wiki tatu. Nilikuwa nikipita njia ya nyuma kwenda kazini, nisikione kile kibao.

Kisha kinyozi akaja kiwandani, dirishani petu pa kuuzia, kununua mikate miwili. Alizungukazunguka na maneno kama mtu anayetafuta pa kuanzia kunyoa. Mwishoni akasema. Siku ya pili tu baada ya yale, wifi alimpelekea simu asubuhi, akamwomba aifungie kwenye droo yake pamoja na mashine, asimpe mpaka saa sita. Saa tatu akarudi, anataka kutazama saa. Kinyozi akamwonyesha saa. Saa tatu na nusu akarudi, labda binti amepiga. Hakuwa amepiga. Saa nne alisimama tu mlangoni, hana sababu, akasema leo ameshindwa hata kutia uzi kwenye tundu la sindano. Kinyozi alimtilia yeye, kwa mikono ya kunyolea.

"Na siku nyingine, shemeji, sikufichi, nilimpa," akasema. "Alinikaripia mpaka nikampa. Akakaa nayo mpaka jioni."

Nikamuuliza anaweka nini huko siku hizi.

"Hajaweka kitu tangu siku ile. Anafungua ile video ya mwisho, anaisogeza mpaka pale ulipoingia wewe. Anasikiliza unavyosema. Anarudisha nyuma, anasikiliza tena. Mimi niko ukuta wa pili, nasikia yote."

Nilibana mifuko ya mikate siku hiyo mpaka vidole vikaniuma. Nilijisikia nikizungumza kwenye ukuta wa watu, kila siku, neno lile lile.

Saa nane nilimchukua Mkaguzi, nikapita njia ya mbele. Mlangoni mtoto alijirusha kutoka mikononi mwangu kama samaki, karibu anidondoke. Wifi alisimama. Hakumpokea. Alinitazama mimi kwanza, akiomba ruhusa kwa macho, na hilo liliniumiza kuliko yote, mtu aliyeshona kila nguo iliyo mwilini mwangu kuniomba ruhusa. Nikampa.

Tukakaa. Mkaguzi alikuwa ameshika futi shingoni kwa shangazi yake, anaitafuna.

"Hukukosea, wifi," akasema. "Mtoto alikuwa nyuma yangu, nami sikuwepo."

Nikasema nilikosea neno. Akasema neno lilikuwa sawa, ila lilimkuta peke yake.

"Usidhani nilikuwa nakaa na simu," akasema. "Nilikuwa nakaa na watu. Nikiamka kwangu hakuna wa kuniuliza nimelalaje. Mle ndani wananiuliza watu sitini. Nikishona kitu, kuna anayekiona."

Mimi nilikuwa nahesabu. Miezi mitano nilipita mlango ule kila asubuhi. "Haya wifi," mtoto huyu hapa, nikakimbilia mikate yangu. Sikumbuki hata siku moja nilipomuuliza amelalaje, nikangoja jibu.

"Lile gauni la njano," nikasema, "lenye mifuko ya majani. Ni zuri, wifi. Ni nguo nzuri kuliko zote alizowahi kuvaa. Mifuko ile sijaona popote."

Akanitazama. "Umechelewa. Limeshambana."

"Nimechelewa."

"Nitamshonea jingine," akasema, na kona ya mdomo ikaanza kumcheza. "Ila usiseme Eh."

Ndipo akanionyesha mfuko. Ulikuwa ukutani, juu ya cherehani, umetundikwa kwenye msumari. Mfuko wa kitambaa kizito cha bluu, mdogo, wa kutosha simu tu, na mbele una vifungo kumi na viwili kwa mstari. Matundu yake ameyafuma madogo makusudi, kila kifungo kinapita kwa kubembelezwa. Droo ya kinyozi, akaniambia, ilikuwa ya kinyozi. Ukigombana naye inafunguka. Huu ni wake mwenyewe.

"Nikiitaka, nafungua. Nikifika kifungo cha nne najiuliza, unakwenda kumtafuta nani? Mara nyingi sina jibu. Nafunga, nakaa. Binti ana mlio wake, huo nausikia hata mfuko ukiwa umefungwa wote."

"Na hufiki cha kumi na mbili?"

"Jumanne nilifika," akasema. "Sikudanganyi. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa."

Kifungo cha mwisho, cha chini kabisa, hakikufanana na wenzake. Kilikuwa cha koti, cha kahawia, kipana. Sikukiuliza.

Sikumrudisha mtoto siku ileile. Mimi ni mama. Nilianza na Jumatatu, siku moja ya kujaribu. Niliomba ruhusa kiwandani, nikaja saa nne, nikapita upande wa dirisha kwa kunyata, nikachungulia. Mfuko ulikuwa umefungwa. Sakafu ilikuwa safi, na kopo langu liko rafu ya juu, limefungwa juu yake kwa utepe. Cherehani ilikuwa inakwenda. Mkaguzi alinyamaza kidogo chini ya meza, na cherehani ikanyamaza papo hapo. Wifi akainama, akatazama, akainuka, akaendelea. Kisha akasema bila kugeuka, "Ingia kwa mlango, Mkaguzi Mkuu. Dirishani wanachungulia wezi."

Niliingia kwa aibu yangu. Nikamuuliza amelalaje. Akaacha mshono, akanieleza: goti limemsumbua, kisha ameota binti amekuja na viatu vya wodini, vyeupe, akavikanyagisha kwenye kitambaa cha mteja. Ilikuwa hadithi ndefu. Niliisikiliza yote, na nikachelewa kurudi kazini dakika ishirini.

Wakati wa kutoka niliona kipande cha chaki ya fundi kwenye meza, ya bluu. Nikakichukua. Pale nguzoni, kati ya WIFI na BURE, kinyozi alikuwa ameacha nafasi ndogo. Ilinitosha. Nikachomeka herufi mbili, nikazikoleza vizuri ili zisomeke hata na mtu wa darasa la kwanza, nikaenda zangu.

Niliporudi saa nane kinyozi alikuwa nje, mikono kiunoni, amezungukwa na wateja watatu.

"Tangu asubuhi wananiuliza ni kiasi gani," akalalamika. "Wanasema nimepandisha. Nani kaandika WIFI SI BURE hapa? Dada fundi, umemwona?"

Wifi alikuwa kwenye cherehani, mtoto amelala kwenye tenga la vitambaa ubavuni pake, na blauzi ya mikono mirefu mapajani. Nilikitambua kitambaa kile cha maua. Ni kile mwalimu alichoondoka nacho. Mkono wa kulia ulikuwa upande wa kulia. Wifi alinyanyua macho, akanitazama mimi, akamtazama kinyozi, akatikisa kichwa kwamba hajui. Kusema hakuweza. Midomoni alikuwa amebana pini saba.